Windows 10 imefika mwisho wake: mfumo endeshi ni nini, na kwa nini karibu wote tuko kwenye Windows?

Wiki ya kwanza ya Oktoba 2025, dada mmoja mwenye steshenari karibu na chuo, hapa Morogoro, alinipigia simu nipite dukani kwake. Kompyuta yake ya kaunta ilikuwa imeanza kuleta ujumbe unaojaza kioo kizima, kwamba ifikapo tarehe 14 Oktoba Windows 10 haitahudumiwa tena. Alikuwa ameshauliza watu watatu. Fundi wake alimwambia mashine imekwisha, anunue nyingine. Mwanafunzi mmoja, mteja wake, alimwambia ahamie Linux kwa kuwa Linux haipati virusi. Wa tatu alimwambia asihangaike: ana flashi yenye Windows 11, ataipiga kwa saa moja na mambo yataisha.

"Sasa kaka," akaniuliza, "kwani hiyo Windows ni nini hasa? Si ndiyo kompyuta yenyewe?"

Katika maswali yote ya kompyuta niliyowahi kuulizwa mtaani, hili nalipenda kuliko mengine. Mtu akilipata jibu lake vizuri, hakuna hata mmoja kati ya wale watatu atakayempoteza. Nilimjibu kwa kumkumbusha jikoni.

Jiko la shughuli

Kila aliyewahi kusaidia jikoni kwenye harusi anaijua hali ilivyo. Kuna mpishi wa pilau, wa mchuzi, wa maharage, na vijana wa kachumbari. Mafiga ni machache, meza ya kukatia ni moja, stoo ni moja, na kila mpishi anataka moto sasa hivi. Bila mtu wa kusimamia, pilau itaungua huku nyama ikiwa bado mbichi. Ndiyo maana huwepo mama mmoja ambaye hapiki chochote. Funguo za stoo anazo yeye. Yeye ndiye anayesema sufuria hii ishuke, ile ipande. Nani anahitaji meza na nani ameshamaliza. Mchele kilo ngapi zitoke. Hakuna mpishi anayeingia stoo mwenyewe.

Ndani ya kompyuta, moto ni prosesa, kile kifaa kinachofanya hesabu zote. Meza ya kukatia ni RAM: ikiwa ndogo, kazi zinabanana hata kama moto ni mkali. Stoo ni diski, mahali faili zinapolala umeme ukikatika. Wapishi ndio programu unazozifungua, yaani Word, Chrome, VLC na kadhalika. Yule mama wa funguo ndiye mfumo endeshi. Windows ni mama mmoja wa aina hiyo, macOS ya kompyuta za Apple ni mwingine, Linux ni mwingine tena.

Ukibonyeza kuchapisha ukiwa kwenye Word, Word haizungumzi na printa hata kidogo. Inamwomba mfumo endeshi, naye anamtuma mtu wake anayeijua printa hiyo kwa undani. Mtu huyo huitwa draiva. Fundi akikwambia "printa haina draiva", maana yake mama yupo, mpishi yupo, printa nayo nzima, ila hakuna anayejua namna ya kuisemesha.

Sasa sikiliza sehemu inayobeba habari yote iliyobaki. Wapishi hawa wamezoea kila mmoja mama wake. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows inajua kuomba moto, meza na stoo kwa lugha ya Windows tu. Ipeleke kwa Mac au Linux, itasimama mlangoni haielewi cha kusema. Mwenye programu akitaka ifanye kazi kote, lazima aitengenezee toleo la kila mfumo, na kazi hiyo ina gharama. Kwa hiyo mtu anapochagua mfumo endeshi, kwa kweli anachagua wapishi gani ataweza kuwaita.

Kabla hatujaendelea tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. HP, Dell na Lenovo ni watengenezaji wa mashine. Windows si yao, ni ya Microsoft. Apple peke yake, kati ya hawa wakubwa, hutengeneza mashine na mfumo wake pamoja. Jambo la pili, Word na Excel si Windows. Mtu akikwambia "natumia Windows 2016", karibu kila mara anamaanisha Office 2016, yaani wapishi na si mama. Mkanganyiko huo umezidi safari hii kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya Office 2016 na Office 2019 tarehe ile ile, 14 Oktoba 2025, na watu wakadhani wametangaziwa kitu kimoja.

Kwa nini Windows

Ukichukua kompyuta za mezani na za mpakato duniani, takriban saba katika kila kumi zinatumia Windows. Mitaani kwetu, ukiingia steshenari, ofisi ya kata, duka la dawa au chumba cha kompyuta cha shule, utakuta karibu zote ni hizo. Wengi tunaamini ni kwa sababu ndiyo bora. Ina ubora wake, lakini chanzo ni mkataba wa mwaka 1980.

Mwaka huo kampuni ya IBM ilikuwa inaandaa kompyuta yake binafsi, IBM PC, na ilihitaji mfumo endeshi kwa haraka. Microsoft, kampuni changa wakati huo, ilikubali kuutoa ingawa haikuwa nao. Ilinunua mfumo uliokuwa umeandikwa na Tim Paterson wa Seattle Computer Products, kwa fedha ambazo wakati ule hazikufika dola 100,000, ikaurekebisha. Ndio uliokuja kuitwa MS-DOS. Siri ilikuwa kwenye kifungu kimoja: Microsoft ilibaki na haki ya kuuza mfumo huo kwa watengenezaji wengine pia. Compaq na wenzake walipoanza kutengeneza mashine zinazofanana na za IBM, wote walikwenda kugonga mlango mmoja. Mashine zikagombania wateja, bei zikashuka, na kila aliyeshinda au kushindwa alikuwa amebeba mfumo wa Microsoft ndani. Windows yenyewe ilianza kama sura ya picha na madirisha juu ya DOS mwaka 1985, na ilipofika Windows 95, mwezi Agosti 1995, mchezo ulikuwa umeshaamuliwa.

Kuanzia hapo gurudumu likajizungusha. Waandishi wa programu waliandikia Windows kwa kuwa watu walikuwa huko, na watu walinunua Windows kwa kuwa programu zilikuwa huko. Shule zikafundisha Word na Excel kwa kuwa waajiri waliziulizia, na waajiri wakaziulizia kwa kuwa ndizo walizokuta watu wanazijua. Angalia tangazo lolote la kazi ya ofisini: ujuzi wa Microsoft Word na Excel umo.

Kwetu kuna sababu nyingine mbili zisizosemwa sana. Ya kwanza ni fundi. Mashine ikizingua, fundi aliye jirani anajua "kupiga Windows". Huo ndio msamiati wenyewe. Hakuna anayesema kupiga Mac. Mtu wa kawaida anachagua mfumo ambao ukiharibika kuna wa kuutengeneza ndani ya mwendo wa bodaboda, na huo ni uamuzi wenye akili kabisa. Ya pili ni kwamba Windows kwa wengi wetu imekuwa kama ya bure. Leseni ya Windows 11 Home kwenye duka la Microsoft la Marekani ni dola 139. Laptopu za mtumba nyingi huja na leseni halali iliyotoka nazo kiwandani, lakini zikishapigwa Windows upya kwa flashi ya mtaani, mara nyingi huwekwa nakala iliyovunjwa kufuli. Hicho kiprogramu cha kuvunja kufuli huomba kwanza uzime kinga ya virusi. Yaani umemfukuza mlinzi getini ili mtu usiyemjua aingie, na huna njia ya kujua amebeba nini. Mimi simlaumu anayefanya hivyo kwa kukosa dola 139. Ila naumia ninapoona mtu amewekewa nakala ya wizi kwenye mashine iliyokuwa na leseni yake halali tangu mwanzo, kwa sababu tu fundi hakujisumbua kuangalia.

Wengine wako wapi

Wanaotumia Mac wengi ni watu wa video, muziki, picha na usanifu, na waandishi wa programu za simu, maana programu ya iPhone hutayarishwa kwenye Mac. Mfumo wake wa sasa ulianza mwaka 2001 na mizizi yake ni Unix, ukoo wa zamani unaoheshimika kwa uimara. Tangu mwishoni mwa 2020 Apple inatumia prosesa zake yenyewe, na betri za mashine hizo hudumu muda mrefu kwa kweli. Bei ndiyo ukuta. Anayetaka Mac ya mtumba ajue jambo hili kabla hajatoa pesa: Apple imeshatangaza kwamba macOS 26, iliyotoka 2025, ni toleo la mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Mac ya Intel ya bei rahisi inaelekea kule kule ilikofika Windows 10. Na ile hadithi ya kwamba Mac haipati virusi ilikanushwa zamani. Mwaka 2012 programu hasidi, yaani iliyoandikwa kwa nia ya kudhuru, iitwayo Flashback iliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000.

Chromebook ni jambo la kusema kwa ufupi. Ni kompyuta ambayo mfumo wake ni kivinjari cha Chrome na kidogo zaidi ya hapo. Shule nyingi za Marekani zinazipenda kwa kuwa ni nafuu na ngumu kuharibu. Zinategemea intaneti ya uhakika, na penye bando la kuhesabu hilo ni tatizo.

Linux inataka maelezo marefu kidogo, kwa kuwa imezungukwa na hofu na sifa zisizo zake. Agosti 1991, kijana wa miaka 21 aitwaye Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Alichoandika ni kiini tu, ule moyo unaogawa moto na meza. Zana nyingi za kuuzunguka zilitoka kwenye mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Msimbo wa Linux, yaani maandishi yenyewe ya programu, uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Kwa sababu hiyo kuna Linux za majina mengi. Kiini ni kimoja, lakini kila kundi linakiandaa kwa namna yake, kama pilau ya Zanzibar na ya Mombasa. Mchele ule ule, mkono tofauti.

Jina linalojulikana kuliko yote ni Ubuntu, lililotolewa kwanza Oktoba 2004 na timu ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Neno lenyewe ni letu: ubuntu wa Kizulu na Kixhosa ndio utu wa Kiswahili. Miaka ile ya mwanzo walikuwa wanatuma CD bure kwa posta hadi Afrika Mashariki. Na mwaka huo huo wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha faida ya msimbo ulio wazi vizuri kuliko maelezo mengi: hawakulazimika kumsubiri mwenye kampuni aamue kama Kiswahili kina soko.

Watu husema Linux ni ya wataalamu. Lakini karibu kila aliye na simu ya Android anaitumia kila siku, maana Android imejengwa juu ya kiini hicho hicho. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani zinaendeshwa na Linux. Kwenye kompyuta za watu binafsi ndiko ilikobaki nyuma, na sababu ni ile ya wapishi. Tally ya mhasibu haimo. Adobe Photoshop haimo. Revit ya wasanifu majengo haimo. Kuna mkalimani aitwaye Wine anayetafsiri maombi ya programu za Windows ili Linux iyaelewe, na kwa baadhi ya programu anafanya kazi nzuri sana, kwa nyingine anagugumia. Mtu ambaye mkate wake unategemea programu moja kati ya hizo, simshauri ahame.

Na yule mwanafunzi aliyesema Linux haipati virusi? Ana nusu ya ukweli. Virusi vingi vya kompyuta za watu huandikwa kwa ajili ya Windows kwa sababu ndiko waliko watu wengi. Lakini programu hasidi za Android zipo tele, na ile ni Linux. Vilevile hakuna mfumo unaoweza kumzuia mtu kuandika nywila yake mwenyewe kwenye ukurasa wa kitapeli unaofanana na wa benki.

Nini hasa kilikwisha tarehe 14 Oktoba

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Baada ya miaka kumi Microsoft imeacha kuitengenezea viraka. Kompyuta haizimiki. Faili hazifutiki. Word inafunguka kama jana. Aliyemwambia dada kwamba mashine imekwisha alikosea.

Kiraka ni nini? Mfumo endeshi umeandikwa na binadamu kwa mamilioni ya mistari, na ndani yake kuna matundu ambayo hata waandishi hawayajui. Kila mwezi baadhi yanagunduliwa na kuzibwa. Huduma ikikoma, matundu yanaendelea kugunduliwa, ila hakuna wa kuyaziba kwako. Kibaya zaidi, viraka vya Windows 11 vinawaonyesha wahalifu pa kutafuta, kwa kuwa mifumo hiyo miwili ina sehemu nyingi za pamoja.

Mfano ulio wazi ni WannaCry. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ikapita kwenye tundu hilo hilo, ikafunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali nchini Uingereza zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inatolewa viraka vya usalama. Kiraka kilikuwepo kwa miezi miwili. Wenye mashine hawakukiweka.

Hapo ndipo nilipomuuliza dada kuhusu kompyuta yake ya pili, ile ya pembeni inayotumika kujaza fomu na kuskani. "Ile haijaleta ujumbe wowote," akasema, "ile ni nzima." Nikakaa, nikafungua mipangilio, nikaingia kwenye historia ya masasisho, yaani orodha ya viraka vilivyowekwa. Tarehe ya mwisho ilikuwa Machi 2022. Mtu fulani, miaka mitatu na nusu iliyopita, alizima masasisho ili yasimalize bando, na hakuwahi kuyawasha tena. Kompyuta iliyokuwa inapiga kelele ndiyo iliyokuwa salama zaidi. Iliyonyamaza ndiyo iliyokuwa na matundu ya miaka mitatu, na ndiyo hiyo iliyokuwa inaingizwa namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, na nywila za wanafunzi siku nzima.

Naomba hili lisipite juu juu. Nimeona mashine nyingi sana zilizozimwa masasisho kwa sababu ya bando, na naielewa sababu, kwa kuwa bando ni pesa. Ila Windows ina njia ya kuiambia kwamba mtandao wako ni wa kulipia kwa kipimo, nayo itapunguza kupakua hadi uiruhusu. Ukaruhusu mara moja kwa mwezi, usiku, kwa bando la bei nafuu. Kuzima kabisa ni kung'oa mlango kwa kuwa bawaba zinapiga kelele.

Kusoma namba ya prosesa

Jibu ambalo Microsoft inalitaka ni uende Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021. Kama mashine inafaa na Windows 10 yako ni halali, kuhama ni bure. Shida ni hilo neno "inafaa". Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, inayotunza funguo za siri mahali programu za kawaida hazifiki, na inataka prosesa zisizo za zamani. Kwa Intel, kwa ujumla ni kizazi cha 8 kwenda mbele, zilizoanza kutoka 2017.

Dukani utaambiwa "Core i5" na basi. Hiyo haitoshi. Fungua maelezo ya mfumo usome namba iliyo baada ya kistari. i5-7200U ni kizazi cha 7, haimo kwenye orodha. i5-8250U ni kizazi cha 8, imo. Ikianza na 10, kama i5-1035G1, ni kizazi cha 10. Laptopu hizo za kizazi cha 7 na cha 8 zinafanana kwa nje kiasi kwamba ukizifunika namba huwezi kuzitenganisha, na huwa zimepangwa kwenye meza moja. Kuuangalia TPM ni rahisi pia: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha soma toleo lililoandikwa.

Muuzaji atakwambia hata ya kizazi cha 6 "inakubali Windows 11", na kweli atakuonyesha inawaka. Inawezekana, kwa kuwa zipo njia za kuruka ukaguzi wakati wa kuipiga. Ile flashi ya mshauri wa tatu ilikuwa ya namna hiyo. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine zisizotimiza masharti hazina haki ya kupata masasisho. Unaweza kupata kwa miezi, halafu toleo jipya likakataa kuingia. Ukiijua hali hiyo na ukakubali, ni sawa. Kuuziwa bila kuambiwa si sawa.

Kwa asiyeweza kuhama sasa hivi, Microsoft imefungua nyongeza ya mwaka mmoja ya viraka kwa watu binafsi, hadi 13 Oktoba 2026. Inahitaji Windows 10 toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Unaweza kulipa dola 30, au kutoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kutolipa chochote ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo mtandaoni. Watu wengi hawaijui hiyo njia ya tatu.

Tulichofanya dukani

Kompyuta ya kaunta ilikuwa i5-6500, kizazi cha 6. Windows 11 haimhusu. Nikamuuliza dada kazi zake, moja baada ya nyingine, akazitaja akihesabu kwa vidole: kuchapa ripoti za wanafunzi kwenye Word, kadi za harusi na vipeperushi kwenye Publisher, kuchapisha na kurudufu. Publisher ndiyo iliyoamua. Haipo kwenye Mac wala Linux, na Microsoft yenyewe imetangaza kuiondoa Oktoba 2026. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, hufungua faili zake, lakini tulipojaribu na kadi moja ya mwaliko, maua yalibaki mahali pake na majina ya bwana na bibi harusi yakapandiana. Kadi za harusi ni pesa yake ya kila wiki. Tukaisajili mashine hiyo kwenye ule mwaka wa nyongeza, kwa njia isiyo ya kulipia.

Ile ya pembeni, yenye RAM ya GB 4, kazi zake zote zilikuwa kwenye kivinjari: maombi ya mikopo ya wanafunzi, Ajira Portal, kutoa vyeti kwenye barua pepe. Kivinjari hakijali kiko kwa mama gani. Nikaja na flashi yenye Linux Mint, moja ya zile Linux za majina mengi, faili la takriban GB 3 nililolipakua nyumbani. Uzuri wa Linux nyingi ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa diski. Tukajaribu Wi-Fi, ikashika. Tukajaribu skana, ikafanya kazi. Printa ya kwanza ilikubali yenyewe bila kuweka chochote. Ya pili, ndogo nyeusi, ilikataa katakata, kwa sababu mtengenezaji wake hakuwahi kuitolea draiva ya Linux. Tukaiacha hiyo kwa mashine ya kaunta. Kama tungeanza kwa kufuta diski, tungeligundua hilo mbele ya foleni ya wateja.

Siku ya tatu akanipigia. Mwanafunzi alileta ripoti yake ya utafiti kwenye flashi, ikafunguliwa kwenye LibreOffice ya mashine ya pembeni, na kurasa 58 zikawa 61. Namba zote za yaliyomo zikahama. Faili halikuwa na kosa. Ripoti iliandikwa kwa fonti ya Calibri, ambayo ni ya Microsoft, na pale haikuwepo, hivyo maandishi yakavalishwa fonti nyingine pana zaidi. Tukaweka Carlito, fonti ya bure iliyotengenezwa kwa vipimo vile vile vya Calibri, na kurasa zikarudi 58. Hata hivyo tukakubaliana kwamba Word ya mteja inafunguliwa kaunta, na fomu zinajazwa pembeni.

Nilipita tena mwezi uliofuata kutoa kopi. Binti anayemsaidia alikuwa kwenye mashine ya pembeni akimjazia mtu fomu, hakuuliza chochote kuhusu Linux. Kwenye sanduku la kompyuta ya kaunta dada alikuwa amebandika kipande cha gundi ya karatasi, na juu yake ameandika kwa kalamu nene: 13 OKTOBA 2026. Chini yake, kwa herufi ndogo: kizazi cha 8 kwenda juu.